NANI ANATAKA KUSEMA?

(Hotuba iliyotolewa na katibu mwenezi mbele ya wanachama wa matawi ya Bukoba na Muleba, katika mkutano wa Kamachumu. Tumeipiga chapa kama ilivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana wenzangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: kasinge waitu.

Nimetoa salamu hiyo kwa makusudi. Babu zetu walimpa Mukama, na hata leo twampa mtu tunayemheshimu. Ni salamu nzuri, wala sikuja hapa kuivunja. Lakini tangu utoto nimeona jambo moja. Mtu akishasema kasinge na magoti yake yamegusa chini, ni kazi ngumu sana kwake kuongeza neno la pili, kwamba waitu, hapa umekosea. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya neno hilo la pili.

Zamani sana, miaka kama 2,400 iliyopita, kulikuwa na mji wa Athens katika nchi ya Uyunani. Wananchi wa mji ule walikusanyika kwenye kilima kiitwacho Pnyx kuamua mambo yao: vita, kodi, nafaka, meli. Mkutano ulipofunguliwa, mpiga mbiu alisimama akauliza kwa sauti kubwa: Nani anataka kusema? Hakuuliza mkuu gani anataka kusema, wala tajiri gani. Fundi wa viatu akiwa raia aliweza kupanda jukwaani. Nao walikuwa na neno kwa ule usemi wa mtu anayesema yote yaliyo moyoni mwake bila kuficha, ingawa anajua litampata jambo. Waliuita parresia, maana yake kwa asili ni kusema yote.

Msidhani hili ni neno la wasomi tu. Wakristo mliomo humu mmelisoma mara nyingi bila kujua. Kitabu cha Matendo ya Mitume kiliandikwa kwa Kiyunani, na katika sura ya 4, pale Petro na Yohana, watu wasio na elimu, waliposimama mbele ya wakuu na wazee, Biblia yetu imesema “ujasiri”. Kiyunani chake ni neno hili hili. Na ndugu zangu Waislamu mnaijua hadithi ya Mtume inayoliweka neno la haki mbele ya mtawala dhalimu katika daraja la juu kabisa la jihadi. Basi jambo hili si geni kwetu, jina lake tu ndilo geni.

Mfaransa mmoja, Michel Foucault, alitoa mihadhara juu ya parresia huko California mwaka 1983. Alisema jambo ambalo mimi kama mwalimu limenichoma. Mwalimu wa sarufi anawaambia watoto kweli, na hapana shaka ni kweli, lakini hana parresia, kwa sababu hana cha kupoteza. Nikisimama darasani nikasema kwamba mbili na mbili ni nne, nani atanihamisha kituo? Parresia ni pale mtu wa chini anapomwambia mtu wa juu kweli ambayo yule wa juu haitaki, na mkate wa yule wa chini uko mkononi mwa yule wa juu. Kipimo ni hatari. Kama hakuna hatari, hayo ni mazungumzo ya kawaida.

Sasa tusiwasifu Wayunani kupita kiasi. Mpiga mbiu alipouliza nani anataka kusema, mwanamke hakuwa mle. Mtumwa hakuwa mle. Mgeni aliyekaa Athens miaka thelathini na kulipa kodi zake hakuwa mle. Katika mchezo mmoja wa Euripides mama anamwuliza mwanawe aliyefukuzwa nchini kwao ni lipi lililo baya kuliko yote katika ukimbizi, naye anajibu kwamba ni kukosa ruhusa ya kusema wazi. Mama anamwambia kuwa kutosema ulifikirilo ndiyo hali ya mtumwa. Mimi niliposoma maneno yale nilimkumbuka mtwarwa.

Wazee wanafahamu. Katika nyarubanja mtu aliishi, akalima, akapanda migomba na mibuni, akazika wazazi wake, lakini ardhi ilikuwa ya bwana wake, naye alimlipa bwana yule kila mwaka. Mtwarwa akiona jambo baya aseme kwa mdomo gani? Akisema, kesho atakula wapi? Kwa hiyo watu walijifunza kusema kwa mafumbo, kwa kukohoa, kwa kunyamaza. Sheria ya 1965 ndiyo iliyoanza kuuvunja mfumo ule na kumpa mtwarwa ardhi aliyoilima. Sheria inaweza kumpa mtu kibanja kwa siku moja. Ulimi unachukua muda mrefu zaidi, na nadhani sisi wajukuu bado tunakohoa.

Lakini si wote walionyamaza, na hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Mwaka 1924, pale Bukoba mjini, makarani, walimu na wafanyabiashara wachache walianzisha chama, Bukoba Bahaya Union. Majina yao yameandikwa katika historia: Clemens Kiiza, Suedi Kagasheki, Herbert Rugizibwa, Ludovick Kaitaba. Tazameni majina hayo, Mkristo na Mwislamu bega kwa bega, wakati ambapo misheni na misikiti haikuzoea kukaa meza moja. Walitaka maendeleo, shule, biashara ya kahawa yenye haki, na walithubutu kuuliza juu ya utawala wa machifu wakati machifu walikuwa ndiyo mkono wa Mwingereza. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa walizikataa hadharani kanuni mpya za serikali juu ya mibuni yao. Zikatokea ghasia, na serikali ikawajibu kwa polisi na mahakama. Mimi sidai kwamba kila kanuni ya kilimo ilikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa huu: mkulima aliambiwa afanye, hakuulizwa. Na asiyeulizwa, hata dawa akipewa ataiona sumu.

Halafu kuna Ali Migeyo, na hapa Kamachumu sina haja ya kueleza sana Migeyo ni nani. Alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu, mtu asiye na vyuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla TANU haijazaliwa, serikali ilitoa amri juu ya fukusi wa migomba. Watu waliamriwa kuisafisha migomba yao kwa namna ambayo wao waliona itaua kibanja, na mwenye kuvunja amri alikuwa na kesi. Mgomba kwetu ni chakula, ni rubisi, ni kivuli, ni kaburi la babu. Migeyo akasimama akasema wazi kile ambacho kila mtu alikisema jikoni kwake. Watu walifurika kumsikiliza hapa Kamachumu. Polisi wakautawanya mkutano kwa mabomu ya machozi, na Migeyo akafungwa. Maisha yake yameandikwa na G. R. Mutahaba katika kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1969, nami naona aibu kwamba vijana wengi wa wilaya hii hawajakisikia.

Nataka mfikirie jambo moja katika habari ya Migeyo. Wakulima elfu walikuwa na shauri lile lile kichwani. Kama ni kujua, wote walijua. Migeyo hakuwa na siri yoyote ambayo wengine hawakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kwamba alikubali kuwa wa kwanza, na wa kwanza ndiye anayekamatwa. Wa mia moja hakamatwi, maana gereza halitoshi.

Magazeti nayo yalipitia moto huo. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa serikali, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, na mwaka huo huo wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Bagdelleh, walifungwa kwa kuandika. Mkishika gazeti la chama mikononi mwenu mjue kwamba watu walilipa.

Lakini ndugu zangu, ni rahisi sana kusifu ujasiri wa mtu aliyemkabili mkoloni. Mkoloni amekwenda. Anayesifu ujasiri wa jana hana hatari yoyote, kama yule mwalimu wa sarufi. Swali gumu ni hili: je, mtu akisimama na kutuambia kweli sisi wenyewe, chama chake mwenyewe, tunamfanya nini?

Nitataja jambo ambalo wengine wangependa nilipite. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliwafukuza wabunge saba katika chama, pamoja na wengine. Kwa kuwa nchi ilikuwa ya chama kimoja tangu 1965, mtu akitoka chamani alitoka na Bungeni pia, hata kama wapiga kura wake walikuwa wangali wanamtaka. Wawili kati ya wale walitoka mkoa huu, ambao siku zile uliitwa Ziwa Magharibi: Kaneno wa Karagwe na Bakampenja wa Ihangiro, yaani mbunge wa huku huku kwetu. Walikuwa na mgogoro na uongozi wa mkoa, nao waliusema waziwazi. Sikuja kuwatakasa. Wapo wanaosema walikosa na wapo wanaosema walionewa. Lakini najiuliza: baada ya siku ile, mbunge mwingine wa mkoa huu alipotaka kumsema mkuu wa mkoa, aliwaza nini usiku kabla hajalala? Mtu mmoja hufukuzwa, mia hunyamaza. Hasara haikuwa viti saba.

Na jambo hili linasikitisha zaidi kwa sababu chama kile kile kilikuwa na dawa yake ndani ya nyumba. Katika ahadi za mwanachama wa TANU ilikuwamo ahadi ya kusema kweli siku zote na kuiona fitina kuwa mwiko. Mwaka 1962 Nyerere mwenyewe alitoa kijitabu, Tujisahihishe, akawaonya wanachama wasiipime hoja kwa kumtazama aliyeitoa, kwa sababu kweli haina mkubwa wala mdogo. Mwongozo wa 1971 ukawakataza viongozi majivuno na uonevu. Maneno mazuri yalikuwapo. Tatizo la maneno mazuri ni kwamba huwekwa ukutani, na chini yake anakaa mtu ambaye hataki kuulizwa.

Leo Katiba yetu ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na ibara ya 100 inamlinda mbunge kwa asemayo Bungeni. Sawa. Lakini hakuna ibara inayoingia katika kikao cha tawi saa tisa alasiri, Mwenyekiti ameshatazama saa yake na mvua inatanda upande wa ziwa.

Nirudi kidogo kwa akina mama, maana nimesema Athens iliwafungia nje, na isionekane kwamba sisi tuliwafungulia. Mila zetu za Kihaya zilisema mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo hana ruhusa ya kuiuza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mama mmoja wa Muleba, aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, aliiuza. Jamaa wa ukoo wakamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashindwa. Mahakama ya Wilaya ikampa haki, na shauri likafika Mahakama Kuu kule Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba sheria ya mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Shauri lile leo linasomwa na wanasheria wa Afrika nzima na kwingineko. Sisi twalitaja kwa jina la jaji. Mimi namfikiria yule mama, aliyeketi mbele ya ukoo wake mwenyewe, si mbele ya Mzungu, akasema hapana. Kurudi nyumbani jioni baada ya kusema hapana kwa shangazi na wajomba ni kazi nzito kuliko kurudi kutoka kwa Bwana D.C.

Sasa wapo watakaosema: kijana huyu anataka kila mtu aropoke. La. Wayunani wenyewe waliiona hatari hiyo, na Plato aliilalamikia demokrasia ya Athens kwa sababu kila mtu alisema lolote. Mtu anayesimama kwenye rubisi akamtukana mwenyekiti wa kijiji, hana parresia, ana pombe. Mtu anayekwenda usiku kwa mkubwa kumsemea mwenzake naye hana, hata kama asemayo ni kweli, kwa sababu amechagua mahali pasipo na hatari kwake na penye hatari kwa mwenzake. Hiyo kwa lugha yetu ni fitina. Kipimo changu ni kimoja: je, utalisema neno hilo mbele ya yule unayemsema, na jina lako likiwa juu yake?

Na kuna aina ya tatu, iliyo mbaya zaidi kwa kuwa inafanana na ujasiri. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, anasimulia juu ya mtu aliyesimama katika baraza la Roma mbele ya Kaisari Tiberio, akasema kwamba watu huru hawana budi kunena wazi bila kuficha. Baraza zima likanyamaza, hata Kaisari akatega sikio. Yule bwana akaendelea: Kaisari, sote tuna lawama juu yako, ila hakuna anayethubutu kuitamka. Hujijali! Unauchosha mwili wako kwa kazi na mashaka kwa ajili yetu, usiku na mchana! (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mmeshamsikia. Mimi nilimsikia mwaka jana, katika mkutano ambao sitautaja, akamlaumu mgeni rasmi vikali mno kwamba hapumziki.

Demosthenes aliwaambia watu wa Athens usoni kwamba wameruhusu kila mtu aseme wazi mjini mwao, hata wageni na watumwa, isipokuwa katika mashauri ya nchi. Huko, alisema, wamezoea kupakwa mafuta, na hatari iko mlangoni. Hawakumsikia mapema. Mwaka 338 kabla ya Kristo walishindwa vitani na Philip wa Makedonia, na uhuru wao haukurudi kama ulivyokuwa.

Nimesema mengi juu ya watu wengine. Sasa nitasema langu, na hili ndilo lililonifanya niombe nafasi leo.

Miezi mitano iliyopita, katika tawi moja la wilaya hii, tulikuwa na kikao. Tulikuwa tumechangisha fedha za mabati ya ofisi. Mimi nilikuwa nimeketi mezani. Mama mmoja, mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi, alisimama kwa adabu zote akauliza: mwanangu, mabati ni mangapi, na fedha iliyobaki iko wapi? Fedha ilikuwapo. Hesabu nilikuwa nayo, ila ilikuwa haijapangwa vizuri, nami nikaona haya mbele ya wageni waliotoka wilayani. Nikajibu kwamba swali hilo haliko katika ajenda. Watu wakapiga makofi! Yule mama akaketi, akakunja kanga yake. Hakuja tena kikaoni. Baadaye nilisikia amerudisha kadi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa mmoja wa wanafunzi waliouliza juu ya chakula chetu, na mkubwa mmoja alinijibu kwa maneno hayo hayo: haliko katika ajenda. Nilimchukia mwaka mzima. Nami sikuchukua hata miaka saba kufika katika kiti chake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake yule mama. Nilimkuta akianika kahawa. Nilipiga magoti, nikamwambia nimekosa. Alininyamazia kwa muda, kisha akasema hakuniuliza kwa sababu alinishuku wizi. Aliuliza kwa sababu mwaka wa nyuma, katika chama chao cha msingi, watu walinyamaza hesabu iliposomwa, halafu malipo ya kahawa yao yakapungua, na wengine wakalazimika kuuza butura kahawa ingali mtini ili walipe ada za shule. Alikuwa ameapa kwamba hatanyamaza tena katika kikao chochote. Basi kikao cha kwanza alichofungua mdomo kilikuwa changu mimi.

Nilimwomba arudi. Hakunipa jibu. Alinipa ndizi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta pendekezo, nalo naomba lipigiwe kura leo, si kupokelewa kwa makofi. La kwanza, kila tawi lisome hesabu yake mwanzoni mwa kikao, watu wakiwa bado na nguvu, si mwishoni. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inawapa wanakijiji mkutano mkuu wao, na yapasa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Tutadaije hesabu za kijiji kule ikiwa zetu tunazificha? La pili, mwenyekiti asifunge jambo lolote kabla hajauliza kama yule mpiga mbiu, kisha akae kimya na ahesabu polepole hadi thelathini. Nimejaribu nyumbani. Thelathini ni ndefu sana, na mtu mwenye haya huinuka penye ishirini. La tatu, mwanachama aliyemsema kiongozi kikaoni, kwa jina lake na kwa adabu, asiondolewe katika kazi yoyote ya chama kwa sababu hiyo kabla mkutano wa tawi lake haujamsikiliza.

Najua yapo majina mezani ambayo hayatapenda hili la tatu. Na jina langu lilikuwa mojawapo miezi mitano iliyopita.

Daftari la mabati hili hapa. Mabati ni 42, risiti zimo, na fedha iliyobaki imeandikwa ukurasa wa mwisho. Nalipitisha kuanzia mstari wa nyuma, kwa wale waliokosa viti.

(Pendekezo la kwanza na la pili yalipita. La tatu lilijadiliwa hadi giza likaingia, na limerudishwa kwenye matawi. Maswali ya wanachama na majibu ya katibu mwenezi yatatolewa katika toleo lijalo.)